Kisu cha kukunja kinacheza: nikaze, nigonge, au ninunue kingine?

Mtembezi_Lushoto · Jumanne, saa 2:14 usiku
Wakuu, habari za jioni. Nina kisu cha kukunja cha mfukoni, bapa limeanza kucheza. Ukikifungua ukakitikisa unasikia kabisa tik tik. Nimefikiria njia tatu: nikaze mwenyewe, nimpe fundi akigonge, au niachane nacho ninunue kingine, maana mwisho wa mwezi nitakuwa Dar. Kama ni kununua, kipi hakilegei, cha skrubu au cha ribiti (pini iliyogongwa vichwa, isiyofunguliwa kwa bisibisi)? Nipeni mwongozo kabla sijaharibu.

Bisibisi_T8 · saa 2:20 usiku
Kisu gani? Cha sasa kina skrubu au ribiti? Bajeti? Unakitumia kwa kazi gani? Mistari yote hiyo na hujasema kitu, mkuu.

Mjukuu wa Mhunzi · saa 2:41 usiku
Na swali kubwa kuliko hayo yote: kinacheza kuelekea wapi?

Fungua kisu. Shika mpini kwa mkono mmoja, ncha ya bapa ishike kwa kitambaa. Sukuma kushoto na kulia. Halafu sukuma juu na chini, yaani upande wa makali na upande wa mgongo. Kikicheza kushoto kulia, pini ya bapa imelegea, hiyo inakazika. Kikicheza juu chini, kilicholika ni kufuli, pale bapa linapojifungia. Hapo ukaze mpaka jasho likutoke, utaishia na kisu kigumu kufungua na bado kinacheza.

Mama Chungwa · saa 3:05 usiku
Wanangu, mimi napandikiza michungwa huku Muheza, kisu kiko mkononi kutwa. Natumia Okapi, kile cha mpini wa mbao wenye mwezi na nyota, na pete ya kuvuta mgongoni. Ukikifungua kinalia kre-kre-kre. Hicho ni ribiti, hakina skrubu ya kukudondokea majanini.

Kikilegea nafanya hivi. Kichwa kimoja cha ribiti nakilaza juu ya nyundo kubwa, kile cha juu nakigonga kwa nyundo ndogo. Si kupiga kama unavunja kokoto! Ni kudonoa, tak, tak, ukizunguka ukingo wa ribiti, kisha unafungua na kukunja uone. Kabla ya kugonga nachomeka kipande cha karatasi ngumu kati ya bapa na ubavu wa mpini. Nikimaliza nakivuta, ile nafasi ya karatasi ndiyo inayoliacha bapa lipumue. Usipoweka, kisu kitakaza kama mlango wa masika.

Bisibisi_T8 · saa 3:12 usiku
Shikamoo mama. Kwa heshima zote, ribiti ni kubahatisha. Ukigonga ikazidi, utairudisha vipi? Cha skrubu unakaza nukta moja, ikizidi unarudisha nukta moja. Na ninaposema nukta ni kweli nukta: nusu ya robo ya mzunguko, unajaribu, unaongeza. Kipimo changu ni hiki: bana kufuli, inamisha kisu. Bapa likishuka lenyewe bila kurushwa, na ukilisukuma kushoto kulia halitikisiki, acha hapo hapo. Usiguse tena.

Bisibisi ni ile ya nyota yenye ncha sita, Torx. Vingi ni T6 au T8, pini ya vikubwa huwa T10.

Mama Chungwa · saa 3:15 usiku
Marahaba. Ikizidi natia mafuta, nafungua na kukunja mara mia nikiwa nasikiliza taarifa ya habari. Inalegea yenyewe. Kisu changu kina miaka tisa, chako kina mingapi?

Mtoto wa Forodhani · saa 3:30 usiku
Nyote mnakimbilia nyundo na bisibisi, hakuna aliyesema akioshe kwanza. Huku kwetu Unguja kisu kikikaza ni chumvi, kikilegea ni mchanga umekula washa, vile visahani vyembamba kati ya bapa na mpini. Maji ya uvuguvugu na sabuni, ukifungue na kukikunja humo humo majini, kikaushe kabisa, tone la mafuta. Nusu ya maradhi yanaishia hapo.

Mimi nina Opinel namba 8 niliyoachiwa na Mfaransa mpiga mbizi. Mpini wa mbao, na shingoni ile pete ya chuma inayozungushwa kufunga bapa, waliyoianza mwaka 1955. Masika mbao inavimba, bapa halitoki hata kwa kucha, mpaka ukigonge kitako mezani ndipo ulimi uchungulie. Kiangazi mbao inanywea, bapa linalegea. Kisu kinajua majira kuliko Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ukitaka kisu, chukua hicho.

JuaKali_254 · saa 4:02 usiku
Sasa wewe unamuuzia mtu kisu kinachovimba? 😂 Huko Lushoto ukungu ni kila asubuhi. Hapa Nairobi, Kamukunji, fundi anaweza kukugongea ribiti ukiwa umesimama. Lakini kwanza hatujaambiwa ni kisu gani. Mwenye mada yuko wapi?

Fundi Mtarajiwa · Jumatano, saa 1:50 asubuhi
Nikusimulie yaliyonikuta, usirudie.

Nilikuwa na kisu cha skrubu, kizuri, kinafunguka kama siagi. Kila baada ya wiki pini inajifungua. Nikakaza, ikafungua. Rafiki akaniambia skrubu hutiwa gundi. Kweli hutiwa, ila mimi sikuuliza gundi gani. Nikachukua supa gluu ya dukani, ile ya kuunganishia soli, nikadondosha tone moja juu ya skrubu iliyokuwa imeshakazwa.

Ile gundi ni nyepesi karibu kama maji. Niliiona kwa macho yangu ikinyonywa pembezoni mwa skrubu, ikatoweka. Nikafurahi kwamba imeingia. Kumbe imekwenda hadi kwenye washa na bapa lenyewe, na kisu kilikuwa kimekunjwa! Baada ya dakika mbili nilikuwa na kipande cha chuma kisichofunguka.

Nikaenda saluni ya jirani kuomba dawa ya kutolea rangi ya kucha, maana asetoni inalainisha supa gluu. Nikakiloweka usiku kucha. Asubuhi bapa likasogea kidogo, kama mlango uliowekewa gunia nyuma. Uvumilivu ukanishinda, nikashika solda nikaichoma ile skrubu ili gundi ilainike. Ikalainika kweli. Na washa zilikuwa za plastiki, nazo zikalainika, zikatoka pembeni kama ubani wa kutafuna. Nikavuta kwa nguvu, bapa likaruka, likanichana kidole gumba. Kovu ninalo mpaka leo. Kisu sasa kinacheza kuliko mwanzo, nimempa mtoto wa dada afungulie mifuko ya saruji.

Bisibisi_T8 · saa 2:10 asubuhi
Pole sana. Kwa faida ya wengine: ni gundi ya skrubu, Loctite ya bluu, siyo nyekundu. Ya bluu unafungua kwa bisibisi ya mkono. Nyekundu mpaka uipashe moto mkali, na moto kwenye kisu umeshasikia. Fungua skrubu, futa mafuta yote, tia tone dogo mno kwenye nyuzi za skrubu, rudisha, rekebisha ulaini wake kabla haijashika, kisha kiache mpaka kesho.

Mjukuu wa Mhunzi · saa 2:25 asubuhi
Na acheni kukifungua kwa kukirusha mkono kama sinema. Kila ukirusha, bapa linagonga kizuizi chake, na kizuizi kinalika. Halafu ufanye hivyo kwenye daladala, uone watu wanavyokutazama.

JuaKali_254 · saa 2:31 asubuhi
Mafuta nayo tieni mafuta ya cherehani. Nimewahi kuona mtu akitia mafuta ya nazi.

Mtoto wa Forodhani · saa 2:33 asubuhi
Mafuta ya nazi yana ubaya gani? Mzee wangu ametia maisha yake yote.

JuaKali_254 · saa 2:40 asubuhi
Yanaganda kwenye nyuzijoto 24 hivi. Unguja hutaona shida. Lushoto mwezi wa saba kisu kitakuwa na mshumaa ndani.

Mtembezi_Lushoto · Ijumaa, saa 1:22 usiku
Samahani wakuu, bando liliisha. Ni cha skrubu, nilikiokota mnadani, hakina jina, kimeandikwa tu maneno ya kutopata kutu, na kutu kimepata. Nimefanya jaribio la Mjukuu: kinacheza kushoto kulia NA juu chini. Kazi ni matunda, kamba, kuni ndogo nikienda msituni na wageni. Kitu kingine nilisahau kusema, kichwa cha skrubu kimeshalika, nilijaribu kukaza kwa ncha ya kisu cha jikoni.

Bisibisi_T8 · saa 1:25 usiku
Sasa ndiyo unasema! Tumebishana siku tatu.

Mjukuu wa Mhunzi · saa 1:40 usiku
Kushoto kulia kutapona. Juu chini usihangaike, na usikitumie kwa kuchoma wala kukandamiza, kufuli likiteleza kitakukunjia vidole. Kwa hiyo skrubu, kata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kiweke kati ya bisibisi na tundu, kandamiza ndipo uzungushe. Mara nyingi inashika.

Mama Chungwa · saa 2:00 usiku
Chukua Okapi mwanangu. Wageni watakuuliza ni cha wapi: kilianzia Ujerumani, siku hizi kinatengenezwa Afrika Kusini. Kifute mafuta tu kila jioni, chuma chake kinapenda kutu.

Fundi Mtarajiwa · saa 2:08 usiku
Mama Chungwa, hiyo miche ya michungwa unauza? Niko Handeni.

Mama Chungwa · saa 2:11 usiku
Ipo, imepandikizwa juu ya mlimau. Una maji ya uhakika?

Fundi Mtarajiwa · saa 2:12 usiku
Kuna bwawa, ila kiangazi linapungua sana. Niandikie kisandukuni bei ya miche 40.

Bisibisi_T8 · Jumapili, saa 4:30 asubuhi
@Mtembezi_Lushoto, ulikaza?

Mtembezi_Lushoto · saa 5:15 asubuhi
Bado. Fundi simu wa hapa ana bisibisi mpaka T6 tu, na tundu ni kubwa kuliko hiyo. Ule mpira nimeshakata.