Rex alikuwa anamtafuta Saskia, au alikuwa anatafuta jibu?

Wadau, jana nimeirudia Spoorloos, filamu ya Kiholanzi ya mwaka 1988, na usingizi umenipaa kama mara ya kwanza. Asiyeiona aishie hapa, maana naimwaga yote.

Rex na Saskia wanatoka Uholanzi kwenda Ufaransa likizo. Njiani gari linaishiwa mafuta katikati ya handaki lenye giza, wanagombana, Rex anamwacha mwenzake humo na kwenda kutafuta mafuta. Baadaye wanapatana, anamwapia kwamba hatamwacha tena. Muda si muda, kwenye kituo cha mafuta, Saskia anakwenda kununua vinywaji. Harudi.

Miaka 3 inapita, Rex bado anabandika picha zake. Mtekaji, mwalimu wa kemia mwenye mke na mabinti wawili, anamtumia kadi za posta za kumwita waonane, na hatokei. Mwishowe anakuja na sharti: ukitaka kujua yaliyompata Saskia, kunywa kahawa hii yenye dawa, nawe yakupate. Rex anakunywa. Anazinduka kwenye sanduku, juu yake udongo.

Mwaka 1993 mwongozaji yule yule, George Sluizer, aliitengeneza upya Marekani, Jeff Bridges akiwa mtekaji. Humo mwanamume anafukuliwa na mpenzi wake mpya, na mbaya anauawa. Mimi nasema huo mwisho wa pili umeiua hadithi. Kuna mahali Rex anakiri kwamba huwa anawaza: Saskia aishi na yeye asijue kitu kamwe, au afe na yeye ajue. Anachagua afe! Tangu hapo mimi sioni mapenzi, naona mtu na swali lake. Mnasemaje?

JIBU: Mleta mada, umemwonea. Ulishakaa na familia ambayo mtu wao kazama baharini asionekane? Msiba unakaliwa, lakini tanga halianuki. Kila mlango ukibishwa mama anainua kichwa. Rex kuchagua kujua si ubinafsi, ni kuchoka. Wa kulaumiwa ni yule mwalimu, aliyejua ni kidonda gani cha kutonesha.

JIBU: Ndiyo maana kukawekwa muda. Tuliosoma chuoni tunaijua habari ya mafkudi, mtu aliyepotea asijulikane yu hai au amekufa. Sayyidna Umar alihukumu kwamba mkewe angoje miaka 4, akae eda miezi 4 na siku 10, kisha yuko huru kuolewa. Mafakihi wamekhitilafiana, lakini hakuna aliyemwambia mwanamke akamfuate mumewe kaburini ili apate uhakika.

MLETA MADA: Hilo la eda limenigusa, ila linafungua mlango wa ndoa tu. Swali linabaki pale pale, hata mwanamke akiolewa na kuzaa. Na kwa ndugu yangu wa tanga: mwalimu ni mnyama, sibishi. Lakini tazameni alivyomnasa. Hakumshikia bunduki. Alimwekea kikombe mbele akangoja, kwa sababu alishamsoma. Ndiyo maana mwisho wa Marekani naukataa: unamfukua mtu aliyeingia shimoni kwa mkono wake, kana kwamba aliteleza.

JIBU: Hata mimi naupenda wa kwanza. Zile ndoto za Saskia, kafungwa peke yake ndani ya yai la dhahabu linaloelea angani, nilidhani ni pambo mpaka taa ya kibiriti ilipowaka ndani ya sanduku. Basi nikaelewa.

JIBU: Nyote mmemsahau Lieneke, yule mpenzi mpya wa Rex. Alimsaidia kumtafuta mwanamke mwingine, akavumilia, mwisho akafunga virago. Katika filamu nzima ni yeye tu aliyeulizwa "utakunywa?" kwa namna yake, akasema hapana. Mbona hakuna anayemjadili?