Chuo kimefunga torrenti eti kuzuia wizi wa muvi. Wezi wanapeta, mimi nimekwama na Ubuntu

Wakuu habari zenu. Mods, uzi huu msiuunganishe na ule wa bando, hasira zangu ni za peke yake.

Jumatatu usiku nipo hosteli nashusha Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa familia ya Linux, GB 6 hivi, wa bure, na kiungo cha torrenti (njia ya kushusha faili vipande vipande kutoka kwa watumiaji wengine) waliouunda wameweka wenyewe kwenye tovuti yao. Nikishusha kwa kawaida mtandao ukikatika naanza upya, torrenti inaendelea ilipoishia. Saa nzima, asilimia sifuri. Asubuhi nikaenda kwa jamaa wa TEHAMA, hata macho hakuinua: "Torrenti tumefunga zote, mnashusha muvi za wizi."

Kaka, na Linux nayo ya wizi? Akasema mfumo hautofautishi. Sasa mfumo usiotofautisha mmeununua wa nini?

Hizo muvi zinatoka wapi kila mtu anajua. Nje ya geti kuna kibanda, unampa dogo flash na buku, anakujazia sizoni nzima pamoja na zilizotafsiriwa. Ukirudi unawarushia wenzako kwa Xender, app ya kurushiana mafaili simu kwa simu, mtandao wa chuo haujaguswa. Asiye na flash anaingia Telegram, na Telegram chuo hakijaifunga! Chumbani tuko wanne, anayejua torrenti ni mimi tu.

Sitetei wizi. Sheria ya hakimiliki tunayo, hii ya sasa ni ya 1999, na msanii ale jasho lake. Ila hata Marekani, walipotunga sheria ya kuvibana vyuo mwaka 2008, chuo kinachagua chenyewe mbinu. Kupunguza kasi ya torrenti inakubalika, kupokea malalamiko ya mwenye kazi na kumshughulikia mhusika inakubalika. Sisi tumerukia kufuli.

Kama tatizo ni mtandao kuelemewa, semeni hivyo. Punguzeni kasi saa mbili hadi saa tano usiku, nani atagoma?

Na asije mtu hapa na "tumia VPN mkuu", ile programu ya kuficha unachofanya mtandaoni ili upite kufuli. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN wajisajili. Nijisajili ili nishushe Ubuntu?

Nimeishia kununua bando kwa hela ya msosi, na ada ya TEHAMA nimelipa. Mlioko vyuo vingine, kwenu torrenti inapita?