Nimelipia chumba cha kutazama ziwa Kigoma, mama yangu kaishia kutazama tangi la maji

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Nane Nane iliangukia Ijumaa, nikaona siku tatu hizi nisizimalizie Tabora chini ya miembe. Nikakodi Noah, nikapakia mama watoto, wanangu watatu na mama yangu mzazi, saa kumi na moja alfajiri tukaondoka. Urambo, Kaliua, Malagarasi (hapo kila mtoto alitaka picha yake darajani), Uvinza, mpaka Kigoma. Kilomita 400 na ushee, na bi mkubwa wa miaka 71 hakulalamika hata mara moja, maana alikuwa na lake moyoni. Babu alikuwa mtu wa reli. Alimkuza na hadithi za Liemba, ile meli iliyoundwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande kwa treni na kupita hapahapa Tabora, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua, 1927 ikarudi kazini. Ziwa lenyewe mama hakuwahi kuliona. Alitaka kuamka, afungue dirisha, alione. Basi.

Wiki mbili kabla nilipiga simu kwenye lodge moja ya ufukweni (jina naliacha). Nikaahidiwa vyumba viwili "vya mbele", 60,000 kila kimoja kwa usiku. Wakasema ni sikukuu, lipa yote. Nikatuma 240,000, meseji ya muamala ninayo mpaka leo.

Tunafika jioni, kijana wa mapokezi anafungua kitabu, jina langu lipo ila limekatwa kwa biro, juu yake pameandikwa "Semina".
"Mfumo ulisumbua, bosi."
Mfumo gani ndugu yangu, hilo si daftari la kaunta?

Tukapelekwa vyumba vya nyuma, bei ileile. Mama akavuta pazia. Ukuta wa tofali usiopigwa lipu, tangi jeusi la maji linalovuja, na bata wawili wanaoga kwenye tope chini yake. Akasimama pale muda, kisha akauliza, "Ndo ziwa lenyewe hili, baba?" Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania.

Migebuka tuliyoagiza saa moja ililetwa saa nne, imepoa. Hilo nasamehe.

Nisilosamehe ni la Jumamosi asubuhi. Nimembebea mama kiti cha plastiki niende nacho majini, mlinzi ananizuia: ufukwe ni wa vyumba vya mbele, wengine 5,000 kwa kichwa. Yaani nimefukuzwa kwenye chumba nilicholipia, halafu nilipie tena kwa kuwa nimefukuzwa! Na huo ufukwe wameununua kwa nani? Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mimi nilihesabu hatua toka kwenye maji mpaka ukuta wa baa yao: 22. Na nina miguu mifupi.

Tukaingia kwenye gari, tukaenda Kibirizi. Pale mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa alimwona bi mkubwa kasimama, akampa kigoda chake, akaendelea na kazi. Hakuuliza tumelala chumba gani. Mama akavua kandambili, akaingiza miguu majini, akakaa hapo karibu saa zima akitazama milima ya Kongo ng'ambo, haongei na mtu. Tulipokuja kumchukua twende Ujiji kwenye mwembe wa Livingstone alisema, "Huo mtanisimulia."

Nimedai nirudishiwe hata nusu. Meneja kasema atanipigia. Wiki ya pili hii, namba yangu haipokelewi. Jana nikaazima simu ya shemeji. Mlio wa kwanza tu kapokea: "Karibu sana bosi, vyumba vya mbele vipo, tuma tu hela."