Muhula mzima wa kusoma tu: ni shule au ni kukwepa shule?

Mchimbachumvi
Wadau, heshima kwenu. Niko uzamili, jiografia, nataka kuandika juu ya utalii wa kaskazini Unguja, Nungwi na Kendwa. Idara inaniruhusu kuchukua somo huru badala ya kozi ya darasani. Hakuna mhadhara wala mtihani. Naonana na msimamizi kila baada ya wiki mbili, mwisho wa muhula natoa mapitio ya machapisho, kurasa 30. Mwenzangu ananiambia nimetupa ada, bora nichukue takwimu. Je, kusoma peke yako kuhesabiwe krediti sawa na kozi nyingine?

Pwagu wa Tegeta
Yaani nilipe ada nijifungie na PDF? Hiyo mtu anafanya nyumbani, tena kajilaza. Utalii hausomwi kwenye laptopu, mkuu. Papasi yeyote wa Forodhani, wale wanaowavizia watalii bandarini, anaijua hiyo jiografia yenu kuliko profesa: boti inaingia saa ngapi, Mtaliano anashukia hoteli gani, nani kamisheni yake nono. Mpeni yeye hizo krediti.

Mwalimu Mstaafu
Pwagu, huyo anajua boti ya leo. Ukimuuliza kwa nini hoteli zimejaa Nungwi na si Micheweni kule Pemba, na ardhi ile ilitoka mikononi mwa nani ikaenda kwa nani, itabidi mtu akasome.

Nimesimamia wanafunzi miaka mingi, nakwambia kusoma ndiko kunakowashinda. Wanaleta orodha: fulani alisema hivi, fulani akasema vile, kurasa 30 za "alisema". Mimi nilikuwa nawatengenezea jedwali. Safu ya kwanza mwandishi, ya pili mahali, ya tatu mwaka aliokwenda uwandani, SI mwaka wa kuchapishwa, ya nne aliwahoji kina nani. Hiyo ya nne ndiyo inayofumbua macho. Unajaza mistari ishirini unagundua wenye hoteli na watalii wamehojiwa weee, wapishi na wafua mashuka hawapo. Hapo umeshapata swali la tasnifu bila kupanda boti.

Na hiyo ya tatu msiidharau. Makala ya 2015 inakuelezea Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, kama jengo la kutembelewa, wewe unanakili, kumbe sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mwingine anaandika Selous kana kwamba Hifadhi ya Nyerere haikumegwa humo 2019.

Mjini Mkongwe Daima
Mie sina la kusema kuhusu kurasa 30. Nina la kusema na Pwagu. "Papasi yeyote"? Mie natembeza watalii, nina leseni ya Kamisheni ya Utalii, nimesoma, nimefanyiwa mtihani. Nyinyi mkishuka bandarini Ijumaa, mkanywa urojo, Jumapili mkarudi Dar, mnajiona mshaijua Zanzibar.

Pwagu wa Tegeta
Nimekusifu wewe unanuna! Nimesema unajua kuliko profesa.

Mjini Mkongwe Daima
Umesema papasi. Papasi hana leseni. Soma ulichoandika.

Binti wa Taveta
Wacheni hizo, turudi kwa swali. Huku Kenya bila leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi, huendi uwandani, kwa hivyo muhula wa kusoma si hasara, unasoma huku makaratasi yanashughulikiwa. Lakini kuna ugonjwa: kila mtu anaanza na yule Butler na mchoro wake wa maisha ya kituo cha utalii, si wa 1983 ule? Malindi wameubandika, Diani wameubandika, kila ufuo eti "umefika ukomavu". Hakuna anayeuliza kama mchoro wenyewe unatufaa.

Mwalimu Mstaafu
1980, jarida la wanajiografia wa Kanada. Hatua sita: wa kwanza wanavumbua, wenyeji wanajiingiza, mitaji inamiminika, mahali panakomaa, panadumaa, halafu panadidimia au pananyanyuka upya. Hapo umesema kweli, binti. Mapitio yanayomkariri Butler bila kumhoji nilikuwa nayarudisha.

Nyuki wa Same
Mnabishania mchoro, mimi nauliza nani kaandika. Kwetu Mkomazi wafugaji walitolewa hifadhini 1988. Kitabu kinachotajwa dunia nzima kuhusu jambo hilo ni cha Brockington, Mwingereza, 2002. Kizuri, sikatai, kimewatetea. Lakini mzee aliyepoteza ng'ombe zake yumo humo kama mhojiwa tu. Sasa mwanafunzi wetu akae muhula mzima akiwasoma hao hao wageni, halafu tumpe krediti?

Pwagu wa Tegeta
AHSANTE. Ndicho nilichosema tangu mwanzo.

Binti wa Taveta
Hukusema hivyo. Ulisema mtu anasoma akiwa amejilaza.

Mwalimu Mstaafu
Nyuki, wenyeji waliandika, hamtafuti. 1970 Umoja wa Vijana wa TANU tawi la Chuo Kikuu Dar walibishana gazetini, The Standard, kama nchi ya ujamaa ijenge mahoteli ya watalii au la. Issa Shivji, msomi wa chuo hicho hicho, akakusanya yale mabishano kitabuni, 1973. Ukisoma leo utadhani wanazungumzia Nungwi. Ni mwanafunzi gani wa sasa ameyataja? Wanaandika neno moja kwenye mtandao, wanachukua kumi za juu.

Mchimbachumvi
Mwalimu, nashukuru, hilo jedwali naliiba. Ila makala nyingi nikibonyeza naambiwa nilipe dola.

Binti wa Taveta
Nenda maktaba ya chuo uulize Research4Life, mpango wa kufungulia vyuo majarida ya kulipia, nchi zenu zinaingia bure au kwa bei ndogo. Halafu usiishie Unguja. Linganisha na Lamu, mji wa Waswahili uliotunzwa vizuri kuliko yote, si huko Mji Mkongwe kwenye kila mlango duka la vinyago.

Mjini Mkongwe Daima
Tumeingia orodha ya UNESCO 2000, nyinyi 2001. Subirini zamu yenu.

Binti wa Taveta
Kutangulia orodhani si kutangulia kujengwa. Na Beit al-Ajaib yenu iko wapi?

Mjini Mkongwe Daima
Sasa umenigusa pabaya. Watu wawili walikufa pale, dada, si jambo la kuchezea mdomo.

Binti wa Taveta
Pole kwa waliofiwa. Vinyago nimesema na narudia.

Nyuki wa Same
Jamani swali langu halijajibiwa. Mzee wa Mkomazi anapata nini?

Pwagu wa Tegeta
Mimi bado nasubiri kuiona hiyo leseni.

Mjini Mkongwe Daima
Iko mfukoni kwangu. Picha siweki humu, unataka nijulikane? Njoo bandarini nikuoneshe, na kutembezwa utalipa bei ya mtalii.