Yule wa mlangoni baada ya mtihani wa Historia ya Marekani: leo KANISHIKA BEGA

Mjukuu_wa_Tabata

Wakuu, naandika niko kituo cha basi, vidole vinatetemeka, herufi zikikosewa mvumilie.

Jina sitaji. Wa nini? Kila aliyefanya AP (ule mtihani wa kiwango cha chuo tunaofanya tukiwa sekondari) ya Historia ya Marekani leo hapa Cincinnati, Ohio, anamjua. Waliofanya mwaka jana wanamjua. Nina hakika hata George Washington anamjua na anamkwepa. Ni yule ambaye mtihani ukiisha haendi kwao. Sijui anapitia wapi, lakini ukifika mlangoni yeye keshasimama, begi kalifunga zipu zote, chupa ya maji ya lita mbili mkononi, anakagua watu mmoja mmoja. "Uliandika nini? Ulichagua kipi? Ulitaja nani?"

Sasa mjue nilikuwa katika hali gani. Maswali ya kuchagua 55 kwa dakika 55. Majibu mafupi matatu, dakika 40. Insha ya nyaraka saba, saa nzima. Halafu mtu ukiwa umeshakuwa mahindi ya kukaanga wanakupa insha ndefu, dakika 40 nyingine. Nimetoka humo nimeona pamba, reli, ushuru, wakulima wenye madeni, mahakama, vita. Nilikuwa nataka chipsi na kimya. Basi.

Nikasikia: "Insha ndefu ulichukua kipindi gani?"

Nikamjibu kwa adabu maana nimelelewa. Nikasema ile ya 1800 hadi 1898. "Na hoja yako?" Nikasema Tangazo la Ukombozi la Lincoln, tarehe 1 Januari 1863, ndilo lililomaliza utumwa Marekani. Sentensi nzuri, fupi, imenyooka. Yule jamaa akanyamaza. Akaweka chupa chini. Akanishika bega.

BEGA, wakuu. Kwa mkono mzima. Kama tumekutana msibani.

Halafu kwa sauti ya upole, na huo upole ndio ulioniua, akasema: "Pole sana. Na Kentucky je?"

Kentucky! Nani alikuwa anaongea habari za Kentucky? Mkono bado uko begani. Akaanza: tangazo liligusa majimbo yaliyoasi peke yake, Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware zilikuwa na watumwa lakini zilibaki upande wa Muungano, yaani upande wa Lincoln, kwa hiyo hazikuguswa, hata Tennessee iliachwa nje, na kule Kentucky na Delaware watu walikaa utumwani mpaka Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyopiga marufuku utumwa, yalipoidhinishwa Desemba 1865. Mkono bado uko begani! Huo mkono ulikaa pale tangu Azimio la Uhuru hadi Vita Baridi. Watu wamesimama wanasikiliza. Mlinzi anasikiliza. Yule dada wa Bujumbura, ambaye juzi tu nilimwambia historia iko kwenye damu yangu, naye anasikiliza, na anatikisa kichwa, na sikuelewa anamsikitikia nani.

Angenitukana ningemwelewa. Angecheka, sawa. Lakini kunishika bega? Na kunipa pole? Mimi nimefiwa?

Nauliza tu, huyu mtu afanyweje?

---

Konda_Mstaafu

Tunamjua sana huyo. Mwaka jana nilimwambia nimeandika Roosevelt alileta New Deal, ile mipango ya kuinua uchumi, akaniuliza "Roosevelt yupi?" Nikadhani ananitania. Kumbe wako wawili! Theodore aliyetoka madarakani 1909, na Franklin aliyeingia 1933. Nilikuwa nimeandika insha nzima, mtu mmoja anavunja makampuni makubwa, analinda misitu, anapigana na mdororo wa uchumi na bado ana nguvu za kumpiga Hitler. Nikajisemea huyu rais alikuwa na afya.

Mimi hakunishika bega lakini. Wewe umepewa heshima.

---

Pwani_Si_Kenya_Tu

Hahahaha hebu ngoja. Uko CINCINNATI. Ukitupa jiwe linavuka mto linaangukia Kentucky. Uwanja wa ndege wa Cincinnati wenyewe uko Kentucky! Mto huo huo ndio watumwa walikuwa wakiuvuka usiku kuja upande wenu kutafuta uhuru, mtumwa Margaret Garner aliuvuka 1856 ukiwa barafu tupu na familia yake. Mjini kwenu kuna jumba zima la makumbusho kuhusu hilo, liko ukingoni mwa mto, linatazamana na Kentucky. Na shule lazima iliwapeleka.

Katika majimbo yote uliyoweza kusahau, ukasahau hilo?

---

Mjukuu_wa_Tabata

Sikuja hapa kujadili Kentucky. Nimekuja kujadili BEGA.

---

Pwani_Si_Kenya_Tu

Bega limeshikwa kwa sababu ya Kentucky, ndugu yangu. Huwezi kuvitenganisha.

---

Mama_Chapati_Junior

Shule ilitupeleka kweli. Yeye alikuwa nje anapiga picha na daraja.

---

Goma_Mu_Dayton

Ule mutoto namujua bien. Anasemaka na batu sawa vile yeye njo aliandika ile mutihani. Miye nilimuona, nikapita mulango ya nyuma. Muache kulia, mujifunze kupita nyuma.

---

Kimya_Kimya

Tahadhari wajameni. Insha ongeeni, lakini maswali ya kuchagua msiyalete humu hata kwa mzaha. Wote tulikubali masharti kwamba hayajadiliwi, na mtu anaweza kufutiwa alama. Naona mtu kule juu ameanza "lile swali la 23", futa haraka.

---

Swali_la_23

Hilo ni jina langu tu jamani.

---

Tulia_Shangazi

Mtoa mada usife moyo. Insha ndefu ni asilimia 15 tu ya mtihani, na ina pointi 6. Ukitaja mambo mawili matatu ya kweli na ukaeleza mazingira ya wakati ule, unaokota pointi zako. Msahihishaji hana mkono wa kukushika bega, anaweka namba anaenda insha inayofuata.

Ila kama kweli uliandika "lilimaliza utumwa" na ukaishia hapo bila kugusa Marekebisho ya 13, mmh.

---

Mjukuu_wa_Tabata

Hiyo "mmh" yako ni bega la maandishi.

---

Nairobi_to_Minnesota

Wueh, wacha hata mimi niseme yangu. Kwa insha niliweka yale maneno ya Andrew Jackson juu ya kesi ya Worcester ya 1832, ile ya Wacherokee (wenyeji asilia) na jimbo la Georgia, iliyoamuliwa na mahakama ya Jaji Mkuu John Marshall. Ati "John Marshall ametoa uamuzi wake, sasa autekeleze mwenyewe." Nikaifungulia aya, nikaifungia aya. Iliweza! Natoka hivi nikijiona mshindi, boy mmoja ananiangalia tu anacheka. Mbona watu hawana furaha na wenzao?

---

Mvuvi_wa_Hoja

Hakuna ushahidi kwamba Jackson aliyasema hayo. Mhariri wa gazeti Horace Greeley ndiye aliyeyachapisha miaka ya 1860, na Jackson alikufa 1845. Tena uamuzi ule haukumwagiza Jackson afanye chochote, ulikuwa unaiambia Georgia kwamba sheria zake hazina nguvu kwenye ardhi ya Wacherokee. Ungetumia Sheria ya Kuwahamisha Wahindi ya 1830, ile aliitia saini mwenyewe, hakuna wa kukubishia.

Pole sana.

---

Konda_Mstaafu

KASEMA POLE SANA.

---

Mama_Chapati_Junior

NDIYE!!! Wakuu ndiye huyu, kaingia humu!

---

Mvuvi_wa_Hoja

Mimi naishi Maine. Ohio sijawahi kukanyaga.

---

Pwani_Si_Kenya_Tu

Anakanusha. Ndiye kabisa. Muulizeni ana chupa ya lita ngapi.

---

Mvuvi_wa_Hoja

Nina kikombe.

---

Goma_Mu_Dayton

Hata kama haiko yeye, ni ndugu yake.

---

Nairobi_to_Minnesota

Kwa hivyo aya yangu yote ni hewa? Naenda kulala. Ni saa kumi jioni lakini naenda kulala.

---

Betri_Asilimia_9

Wenye mabega mna nafuu. Siku hizi mtihani wote uko kwenye kompyuta, sawa, ni maendeleo. Mimi jana usiku niliweka chaji nikalala. Mdogo wangu akachomoa achaji tableti aangalie katuni. Naingia ukumbini, asilimia 9. Soketi ziko ukutani, mimi nimekaa katikati. Msimamizi akaleta waya wa kurefusha, ukapita katikati ya watu sita, na kila aliyeomba kwenda chooni aliuruka kama anakimbia mbio za viunzi. Nilisoma nyaraka saba nikiwa naangalia miguu ya watu.

Nimemwambia mama, mama akasema mdogo wako ni mtoto. Ana miaka kumi na tatu!

---

Swali_la_23

Mimi nyuma yangu kulikuwa na mtu wa kuvuta kamasi. Alianza enzi za wakoloni, tumefika Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe bado anavuta. Nilimpa tishu wakati wa mapumziko, akasema asante, akaiweka mfukoni.

---

Alama_Tatu_Hai

Subirini Julai matokeo yatoke, ndiyo mtajua kilio. Mwaka jana nilipata 3. Nikamwonesha mama. Akauliza kati ya ngapi? Nikasema kati ya 5. Akachukua simu, akafungua kikokotoo, akapiga hesabu mbele yangu: asilimia 60. Akasema hii nyumbani kwetu ni mtoto aliyekuwa anacheza. Nikamweleza kwamba 3 ni kufaulu, vyuo vya umma hapa Ohio vinakuhesabia somo. Akapiga hesabu tena kuhakikisha. Ikaja 60 ile ile.

---

Mzee_wa_Division

Vijana mna raha na hamjui. Sisi Kidato cha Nne matokeo ya NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, yanatoka nchi nzima inayaona, jirani anajua Division yako kabla yako. Na historia tulisoma ya kwetu: Majimaji 1905 hadi 1907, Mkutano wa Berlin, Mkataba wa Heligoland 1890. Hakuna kushikana mabega. Baba alikushika sehemu nyingine.

---

Tulia_Shangazi

Shikamoo mzee. Umeingiaje humu?

---

Mzee_wa_Division

Marahaba. Mwanangu kaacha simu mezani.

---

Mjukuu_wa_Tabata

Wakuu, uzi ulikuwa wa yule wa mlangoni.

---

Unesi_Sitaki

Huyo wa mlangoni anauliza swali moja. Njoo uishi na mjomba wangu. Kila siku: "Historia ya Marekani itakupa kazi gani? Soma unesi." Nimemwambia nataka sheria. "Soma unesi kwanza, sheria baadaye." Juzi akaniuliza Lincoln alikuwa chama gani. Nikamwambia Republican, alishinda uchaguzi wa 1860. Akanyanyuka kwenye kochi akasema shule imekuharibu, akaenda kumpigia baba yangu Mwanza saa nane za usiku za kule.

---

Konda_Mstaafu

Hahaha wajomba wa unesi wako wangapi Marekani hii? Wa kwangu ana binti watatu manesi, na yeye mwenyewe akiumwa kichwa anakunywa tangawizi.

---

Mama_Chapati_Junior

Wa kwangu alinilipia kozi ya unesi msaidizi bila kuniuliza. Nilikuwa nimekaa darasani na akina mama wa miaka hamsini, wote wananiita mwanangu. Nilifaulu lakini.

---

Goma_Mu_Dayton

Bote njo bale bale. Kazi ya hopitali inalipa, lakini mugongo inaisha.

---

Alama_Tatu_Hai

@Unesi_Sitaki samahani, huyo mjomba wako ndiye aliyekuwa anauza ile gari ndogo ya kijivu?

---

Unesi_Sitaki

Ndiye. Bado ipo. Inatembea vizuri, ila gia ya rivasi inakataa asubuhi kukiwa na baridi, kwa hiyo inabidi uipaki imeangalia barabarani.

---

Betri_Asilimia_9

Bei gani? Na ina sehemu ya kuchaji simu?

---

Unesi_Sitaki

Njoo inboksi. Lakini akikuuliza unasoma nini, mwambie unesi, atakupunguzia.