Kidonda cha ulimi kwa mzee hakiponi: daktari wa meno anatosha?

MtotoWaPangani: Wakuu, heshima zenu. Baba (64) ana kidonda ubavuni mwa ulimi, kando yake kuna weupe usiofutika. Kliniki moja ya meno walisema jino linakwaruza, wakalisaga, wakampa dawa ya kusukutua. Mwezi wa pili unaingia. Mzee anasema hakiumi, tusimsumbue. Ni mla tambuu wa siku nyingi, na tumbaku anatia. Daktari hakumuuliza hayo. Turudi palepale au twende Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, moja kwa moja?

KibaoKata: Fangasi hiyo. Maji ya chumvi na asali, basi. Mkianza kutaja kansa mtampandisha presha bure.

DoktaGego: Mkuu hapo juu, weupe wa fangasi mara nyingi ukiusugua kwa shashi unabanduka. Huu haufutiki. Mtoa mada, kusaga jino si vibaya, jino kali huchubua ulimi kweli. Tatizo ni kutompa tarehe ya kurudi. Ukishaondoa kinachokwaruza, kidonda kipe wiki 2; kisipopona, kinakatwa kipande kidogo cha nyama (kinyama) kwa ganzi na kupelekwa maabara. Kwa macho tu hakuna anayethibitisha. Na saratani ya ulimi mwanzoni mara nyingi haiumi.

Nasema ukweli, kuna wenzangu wanaangalia meno tu. Kumbe ni dakika chache: shika ncha ya ulimi kwa shashi, vuta kulia, vuta kushoto, tazama pembeni na chini yake, kisha papasa shingo kutafuta tezi. Na uulize: sigara, pombe, ugoro, tambuu.

Ocean Road watataka majibu ya kinyama kabla ya mionzi. Ombeni rufaa kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa, Muhimbili wapo.

BiMswafi: Mie wa Mombasa. Watu hudhani ubaya ni tumbaku pekee. Popoo yenyewe, ile kokwa ya ndani ya tambuu, husababisha saratani. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walishasema hivyo tangu 2004. Shangazi yangu ilimkaza mashavu hata kijiko kikawa hakipiti vizuri. Hebu mwambie mzee afungue mdomo, vidole vitatu vilivyosimama vyaingia?

MtotoWaPangani: Viwili, tena kwa shida. Nimemwambia tunakwenda kuangalia lile jino.

DoktaGego: Mwambie ukweli, kukatwa kinyama kunahitaji ridhaa yake. Nendeni wiki hii, mbebe na karatasi ya dawa alizopewa. Tambuu aiache leo.