Marius au Pompeius: nimchukue nani?

Kalamu_Butu: Wakuu, habari za jioni. Nimepewa zamu ya kusimulia maisha ya jemadari mmoja wa Roma, alivyopanda na alivyoanguka. Nimebaki na wawili, Gaius Marius na Pompeius. Yupi anafaa? Kesho naanza kuandika.

Bibi_Ramani: Unasimulia wapi, mbele ya nani, dakika ngapi? Unatuuliza nguo ya kuvaa bila kusema ni harusi au msiba.

Nyumbu107: Marius, wala usijiulize. Katoka Arpinum, ukoo hauna jina mjini, kawa konsuli, cheo cha juu kabisa Roma, mara 7, tano kati ya hizo mfululizo, 104 hadi 100 KK. Askari wake walijibebea mizigo mpaka wakaitwa nyumbu wa Marius. Halafu 88 KK, mzee wa karibu miaka 70, anatolewa kwenye matope ya Minturnae alikojificha, kamba shingoni!

Kisiwa_Chote: Anguko gani hilo, na 86 KK alirudi kuwa konsuli, akafa kitandani? Aliyeanguka ni Pompeius. 67 KK alikabidhiwa Mediterania nzima, akaigawa maeneo 13, maharamia wakaisha kwa miezi kama 3. Miaka 19 baadaye kapigwa na Caesar kule Pharsalus, kakimbilia Misri. Watu wa mfalme wa huko wakamchukua melini kwa mtumbwi. Ndani yumo Septimius, askari wake wa zamani. Pompeius anamsemesha, jamaa anatikisa kichwa tu. Basi akafungua karatasi yake, akawa anapitia hotuba ya kumwambia mfalme. Alipoinuka kushuka, Septimius akamchoma upanga mgongoni.

Nimeungua: Usimguse Pompeius! Mimi nilimsimulia chuoni mwaka wa pili. Nilijiandaa wiki mbili, nikachora na ramani. Nikamaliza dakika 10 kwenye majina tu: Crassus, Julia, Mithridates, Ptolemaios. Nafika Misri sasa, patamu, dada mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Na Kleopatra alikuwa wapi?" Nikajibu anapigana na mdogo wake, huyo huyo mfalme. Wee! Kuanzia hapo maswali yote Kleopatra. Ule mtumbwi sikuwahi kuufikia. Mwalimu akaandika "mada haikukamilika."

Nyumbu107: Tena Pompeius mdandiaji. Spartacus, kiongozi wa watumwa walioasi, kapigwa na Crassus, yeye kaokota watoro kama 5,000, kaandikia Seneti, baraza la Roma, kwamba ndiye aliyeng'oa mzizi wa vita.

Kisiwa_Chote: Na Marius kwa Jugurtha, mfalme wa Numidia? Aliyemtia mkononi ni Sulla, ofisa wa Marius.

Kalamu_Butu: Samahani, nilisahau. Ni kikundi cha wasomaji, dakika 15, wengi ni watu wa kanisani.

Bibi_Ramani: Sasa ndiyo unasema! Pompeius basi. 63 KK aliteka Yerusalemu, akaingia hadi Patakatifu pa Patakatifu. Anzia hapo, hakuna atakayesinzia.

Msomaji_Kimya: Kwani Kaisari wa "mpeni Kaisari" ndiye huyu aliyempiga Pompeius?

Bibi_Ramani: Hapana, yule ni Tiberio. Kaisari lilishakuwa cheo.

Nyumbu107: Cheo kilichoanza kama jina la Caesar, mpwa wa mke wa Marius. Mnaona kila kitu kinarudi kwa nani?

Kalamu_Butu: Na huyo Sulla, yeye aliishiaje?

Nimeungua: Ndugu yangu, dakika 15!